Seng'enge, Bendi ya Stoo ya Magodoro

Barasa alinipigia simu nikiwa katika chumba cha walimu, na kabla hajasema neno nilijua ni habari ya Kibet. Figo zilikuwa zimemsumbua tangu mwaka uliotangulia, na sisi wachache tuliobaki tukiipenda bendi yake tulikuwa tumezoea kuziogopa simu za mchana. "Ametuacha asubuhi," Barasa akasema. "Maziko ni Jumamosi, nyumbani kwao Kapseret. Kuna vijana wanataka kucheza zile nyimbo. Wanasema wewe na mimi tuongee kidogo, tuseme vile Seng'enge ilianza." Nikamuuliza kama Shiko, mpiga ngoma wao, ameambiwa. Akasema amemtumia ujumbe na anaona umesomwa, lakini jibu hakuna. Nilirudi kwenye meza yangu, nikaishika kalamu nyekundu, nikasahihisha daftari lile lile mara mbili. Haikuwa huzuni. Huzuni ilikuja baadaye, nikiwa jikoni. Ile ya kwanza ilikuwa hofu, na niliitambua kama mtu anavyomtambua jirani kwa kukohoa.

Vijana wenyewe walikuwa bado hawajaanza shule wakati Seng'enge inapiga. Walizipata nyimbo zake kwenye simu, zimepita kwa watu wengi mpaka sauti imekuwa kama inatoka ndani ya bomba la maji, na wakaunda kundi la kuandikiana. Jioni hiyo nilisoma waliyoyaandika. Mmoja aliandika kwamba Kibet aliimba umoja wakati wakubwa wanapanga vita. Mwingine akasema ndiye aliyemficha mpiga ngoma wake asiuawe. Wa tatu akataka ukuta uchorwe picha yake mjini. Nilisoma yote, nikaizima simu, nikaiwasha tena nikasoma upya. Hakuna aliyekuwa amedanganya. Ni kwamba walikuwa na nusu ya habari, na ile nusu nyingine tulikuwa nayo watu wanne, na sasa mmoja alikuwa mochari.

Mwaka ninaousema ulianza kabla ya uchaguzi ule wa Desemba na ukaisha mvua ya mwaka uliofuata ilipokatika. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nauza magodoro katika duka la Mama Sahra, si mbali na soko. Mama Sahra alikuwa mama wa Kisomali mwenye sauti ya chini na macho yasiyokosa kitu. Nyuma ya duka kulikuwa na stoo ndefu ya mawe, paa la mabati, magodoro yamepangwa mpaka juu pande zote mbili, na katikati nafasi ya kupita watu wawili. Harufu ya sponji mpya ilikuwa inaingia hadi kwenye chakula. Barasa alikuwa mbebaji wetu. Ndiye aliyegundua kwamba ukipiga kelele mle ndani, mtu aliye barabarani hasikii kitu. Akamwomba Mama Sahra ruhusa waje wafanye mazoezi Jumamosi alasiri, baada ya kufunga. Mama Sahra akauliza ni muziki gani. Barasa akasema ni roki, ile inaitwa pank. Mama Sahra akafikiri kidogo. "Panya wataogopa?" akauliza. Barasa akasema wataogopa sana. "Basi njooni."

Walikuwa watatu. Kibet aliimba na kupiga gitaa. Alikuwa kijana mrefu wa Kapseret aliyekamua ng'ombe wa kwao alfajiri na kuja mjini na gambuti zake za kijani, vile viatu virefu vya mpira. Barasa alishika besi. Kwenye ngoma alikaa Wanjiku, ambaye sote tulimwita Shiko, msichana wa Langas, mdogo wa mwili, ambaye akishika vijiti ulikuwa unarudi nyuma bila kujua. Mimi sikuwa na kazi yoyote katika bendi. Nilikuwa shabiki wao wa kwanza, na kwa miezi kadhaa nilikuwa peke yangu, nimekaa juu ya godoro la inchi nane na chai yangu. Pank ni roki ya watu wasiojua kungoja: wimbo unaanza kwa fujo na unaisha kabla hujamaliza kukohoa. Kibet aliisikia mara ya kwanza katika santuri isiyo na jalada, ya bendi moja ya kusini mwa Marekani, aliyoinunua kwa mtu wa mitumba, na akasema wale watu wanaimba kama wakulima waliocheleweshewa malipo. Naye akaimba ya kwetu. Alikuwa na wimbo juu ya ng'ombe wa waziri wanaokunywa maji ya bomba huku shule haina, na mwingine juu ya maziwa yaliyomwagwa barabarani kwa sababu hakuna aliyekuja kuyachukua. Sauti yake haikuwa nzuri. Ilikuwa kama mbao inayopasuka. Lakini ukiisikia mara moja hukuweza kuichanganya na ya mtu mwingine.

Onyesho la mwisho lilikuwa katika ukumbi mmoja Langas, kabla tu ya kupiga kura. Watu walikuja na kofia za vyama vyote, wakazitupa juu, zikachanganyika, na wengine wakaondoka na kofia isiyo yao. Vijana wa siku hizi wanalipenda sana jambo hilo, na lilitokea kweli. Ila mimi nilikuwa nimesimama nyuma, karibu na mlango, na nyuma yangu walikuwa wanaume wawili wakizungumza Kikalenjin, lugha yangu na ya Kibet, lakini si ya Shiko. Mmoja alisema, "Huyu kijana wetu anaimba vizuri. Shida ni huyo amemweka kwa ngoma." Mwenzake akamjibu, "Ngoja tu. Kila mtu atarudi kwao." Walilisema kwa utulivu, kama watu wanaozungumzia mvua. Nilimtazama Shiko pale jukwaani, jasho linamtiririka, anacheka, na mikono yangu ikawa baridi ukumbi ukiwa moto vile.

Matokeo yalipotangazwa nilikuwa dukani. Mama Sahra alikuwa ameniita tusogeze mali kutoka mbele tuipeleke stoo. Kabla hatujamaliza tukaona moshi upande wa Langas, halafu upande mwingine, halafu hatukuweza tena kusema ni upande upi. Shiko aliingia kwa mlango wa nyuma amevaa koti la kaka yake na amebeba sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, kifuniko kimefungwa kwa leso. Alikuwa anapika waliposikia kelele. Mama yake alikuwa ameenda Nakuru kwa Krismasi, kaka yake alikimbia njia nyingine, na yeye hakujua kwa nini aliibeba sufuria badala ya kitu kingine. Bado ilikuwa moto. Mama Sahra alileta sahani tatu, tukala tumesimama, na mpaka leo sijala githeri yenye chumvi nyingi kama ile. Barasa alikuja tukiwa tunaosha vyombo. Mama Sahra akampa kufuli na ufunguo. "Funga kutoka nje," akamwambia. "Wakipita waone duka limefungwa, watu wameenda. Utatufungulia ukija."

"Na nisipofika, Mama?"

"Utafika."

Nilisikia kufuli likibana, na hatua za Barasa zikienda. Tulibaki wanawake watatu ndani ya mawe na sponji. Mama Sahra alijaza maji kila chombo kilichokuwepo: ndoo, beseni, makopo ya rangi, hata birika la chai. Sikumuuliza kwa nini. Alinieleza mwenyewe, kwa sauti ile ya chini. "Godoro likishika moto halikungoji uvae viatu. Na ule moshi wake unaua kabla ya moto." Baada ya hapo kila nilipoegemea magodoro nilihisi nimeegemea mnyama aliyelala.

Siku zile zinachanganyika kichwani mwangu. Barasa alikuja asubuhi akipita vichochoroni, analeta mkate ikiwa amepata, anafungua kidogo, anafunga tena. Tulikula anjera za Mama Sahra, zile chapati laini za Kisomali, na chai bila maziwa, kisha unga ukaisha tukala mkate na sukari. Vocha za kupiga simu hazikupatikana popote, na ujumbe uliokuwa unaingia ilikuwa afadhali usingeingia. Niliufuta mmoja ulioandikwa kwa lugha yangu kabla Shiko hajaniuliza unasema nini. Mama Sahra alipigiwa simu na ndugu yake wakazungumza Kisomali, nami nikawa nadaka majina ya mahali tu: Cheptiret, Timboroa, Cheptiret tena. Lori la Mama Sahra lilikuwa limekwama mbele ya mawe na magogo yaliyowekwa barabarani, na dereva alikuwa amekimbilia msituni. Shiko alilala katikati ya magodoro mawili yaliyosimamishwa, mahali ambapo mtu akifungua mlango hawezi kumwona. Mchana alikaa na vidole vyake vinagonga goti, taratibu, bila sauti. Nilidhani anapiga wimbo. Nilipomuuliza akasema anajaribu kuvizuia vidole visitetemeke.

Walikuja alasiri, jua likiwa kali juu ya mabati. Kwanza tulisikia kioo kikivunjika mbali, halafu karibu, halafu miguu mingi kichochoroni nyuma ya stoo. Mtu akapiga mlango wetu kwa kitu kizito na kufuli likaruka likarudi. Mama Sahra aliweka kiganja juu ya mdomo wangu, ingawa sikuwa nimefungua. Sauti moja ikasema kwa Kikalenjin, "Hapa kuna nini?" Na aliyemjibu alikuwa Kibet.

Sikuhitaji kumwona. Ile mbao inayopasuka ilikuwa hatua chache kutoka sikio langu. "Hapa ni kwa Msomali," akasema. "Ni magodoro tu. Nimefanya kibarua hapa, napajua. Hakuna mtu."

"Una uhakika? Watu wanasema kuna msichana aliingia."

"Nimesema hakuna mtu. Kufuli iko nje, huoni? Ama unataka tupoteze saa na magodoro?"

 Nilimtazama Shiko kupitia mwanya. Alikuwa amefumba macho, na naapa alikuwa anatabasamu. Alikuwa amemsikia mwimbaji wake. Kisha ile sauti ya kwanza ikasema, "Basi twende hapo kwa mzee wa viatu. Wewe mrefu, lete huo mtungi." Na Kibet akajibu neno moja. "Sawa."

Duka la viatu lilikuwa ukuta mmoja na sisi. Mwenyewe alikuwa Mzee Kamau, mtu wa kimya, wa kabila la Shiko, aliyekuwa akituuzia kandambili. Tulisikia mlango wake ukivunjwa, viatu vikimwagwa, vicheko, na baada ya hapo sauti kama ya mtu anayekung'uta blanketi kubwa. Ulikuwa moto. Mawe ya ukuta wetu yakaanza kupata joto. Mama Sahra aliondoa kiganja chake akasema tu, "Sogezeni." Tulivuta magodoro ya upande ule tukayatupa upande mwingine, sisi watatu, tukikwaruzana, tukianguka, tukiinuka. Tulimwaga maji ukutani na mvuke ukarudi usoni. Moshi uliingia chini ya mabati, mweusi, wa mpira na ngozi. Nilikimbilia mlangoni nikausukuma, na kufuli likanijibu kwa nje. Hapo ndipo nilipojua hofu inavyokuwa ikifika mwisho wake: haina kelele. Nilisimama nikiushika ule mlango, na nikawa nafikiri kwa makini sana juu ya mkono wa Barasa, vile unavyoshika ufunguo.

Barasa alifika. Alikuwa ameuona moshi akiwa kwa binamu yake, akaja mbio amejifunga shati usoni, na alipofungua tulianguka nje mmoja juu ya mwingine. Vijana walikuwa wameshaenda mtaa wa pili. Mama Sahra alikataa kuondoka. Alichukua maji ya jirani akarudi ndani, na Barasa akamfuata akimtukana na kumsaidia. Ukuta ulisimama. Magodoro machache yaligeuka rangi ya chai, basi. Duka la Mzee Kamau lilibaki mawe na waya za ndani ya viatu. Polisi walipopita na lori lao Mama Sahra aliwasimamisha, akamfunika Shiko kwa shela yake, wakampeleka uwanja wa maonyesho ambako maelfu ya watu walikuwa wanalala chini ya karatasi za plastiki. Kutoka hapo alipelekwa Nakuru kwa msafara wa magari yenye askari mbele na nyuma. Aliniandikia kutoka Timboroa, kule juu kwenye baridi kali, maneno mawili tu: "Tumepita baridi."

Wakubwa walipopeana mikono na barabara kufunguliwa, maisha yalirudi kwa aibu, kama mgeni aliyevunja kikombe. Nilirudi kuuza magodoro. Watu wengi walinunua, maana wengi walikuwa hawana pa kulala. Kibet hakuonekana. Ilikuwa katikati ya mwaka, mvua imeshika, Shiko aliposema anakuja kuchukua ngoma zake, na Barasa akaona ni vizuri wote wakutane. Kibet alikuja na kibuyu cha maziwa lala, yaliyoganda, kutoka kwa mama yake. Mama Sahra alituwekea vikombe, akatuacha. Tulikunywa. Kwa muda ilikuwa kama Jumamosi ya zamani, na Shiko hata alimshika Kibet mkono. "Nilikusikia siku ile," akamwambia. "Ulisema hakuna mtu. Mimi ndiye nilikuwa hakuna mtu." Barasa akacheka. Kibet hakucheka.

"Nilijua uko hapo," Kibet akasema. "Barasa alikuwa ameniambia."

"Na huo mtungi?" Shiko akauliza. Aliuliza polepole, na nikatambua kwamba swali hilo ndilo lililomtoa Nakuru, si ngoma.

Kibet aliweka kikombe chini. "Walikuja nyumbani. Walisema kila boma itoe kijana, na boma ambayo haitoi tutaona. Nikaenda. Nilibeba petroli, Shiko. Sikuwasha. Nilibeba, nikamwaga mlangoni, mwingine akawasha."

"Ulijua kama Mzee Kamau alikuwa ndani?"

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Nilimwomba Mungu Kibet aseme alijua hakuwa ndani, maana kweli hakuwa. Alikuwa uwanja wa maonyesho, mzima, tulishamwona. Uongo mdogo ungetosha na hakuna ambaye angeugundua. Kibet alimtazama usoni. "Sikujua," akasema. "Sikuangalia."

"Na sisi hapa na hizi godoro?"

"Nilifikiria ukuta ni wa mawe."

Shiko aliinuka. Hakupaza sauti, hakulia. Alifungua vishikizo vya ngoma moja moja, akazipanga kwenye gunia, na Barasa akamsaidia kuzibeba hadi barabarani akiwa hajui aangalie wapi. Nilimsindikiza. Kabla hajapanda gari la Nakuru alinishika kiwiko. "Usiwaambie watu," akasema. "Wewe pia, na Barasa. Hii ni yangu. Nitaisema siku nitataka." Nilirudi nikamkuta Kibet bado amekaa pale pale kwenye godoro. Aliniuliza kama Shiko atarudi. Nilisema sijui. Bendi ya Seng'enge iliishia hapo, vikombe vikiwa bado vina maziwa. Mwisho wa mwaka nilienda chuo cha ualimu, na Kibet akauza gitaa akaanza kazi ya boda boda. Alinibeba mara kadhaa miaka iliyofuata, na hatukuzungumzia muziki. Kila uchaguzi ulipokaribia alikuwa anaacha kazi wiki nzima na kujifungia kwao. Mimi nami nilikuwa najaza maji ndoo zote za nyumba, na mume wangu aliacha kuniuliza.

Jumamosi ya maziko Kapseret ilikuwa na jua. Hema zilikuwa mbili, viti vya plastiki, wanawake wakipika wali na nyama nyuma ya nyumba, ndege ikishuka kwenye uwanja wa ndege wa karibu na kufunika maneno ya mchungaji. Vijana wa kundi walikuwa wamevaa fulana nyeusi. Walikuwa wameweka spika, gitaa na seti ya ngoma ya kuazima, na kijana mwenye miwani, kiongozi wao, alinishika mkono akaniambia ningeongea baada ya chakula. Barasa alikuwa amenyoa ndevu. "Utasema nini?" akaninong'oneza. Nilimwambia nitasema juu ya panya wa Mama Sahra. Wakati huo pikipiki ikaingia langoni na mwanamke akashuka, nywele fupi zimeanza mvi, mkoba begani. Alikuwa ameshatufikia kabla sijaamini kwamba ni Shiko.

Tulikumbatiana. Kijana mwenye miwani alitambua haraka ni nani, uso ukamng'aa, akamuuliza kama angekaa kwenye ngoma hata kwa wimbo mmoja. "Niache kwanza," Shiko akamjibu kwa upole. "Mama yake yuko wapi?"

Mama yake Kibet alikuwa jikoni, chumba cha udongo chenye moto mdogo, amekaa juu ya kigoda, shuka mabegani. Nilimtambulisha kwa Kikalenjin, kisha tukaingia Kiswahili ili wote tuelewe. Mama alimwangalia Shiko. "Wewe ndiye wa ngoma."

"Ndiye mimi, Mama. Pole sana."

"Huyu mtoto wangu," mama akasema, "aliacha kuimba mwaka ule. Nilimuuliza, akakataa. Nimeuliza watu, wananiambia alikuokoa. Kama alikuokoa, mbona aliacha kuimba? Mtu akiokoa mwenzake si huwa anafurahi?"

Nje vijana walikuwa wanajaribu spika. Hofu ikanirudia, ile ya ukumbini, ile ya mlangoni. Nilitaka kusema kitu chochote, nimwambie mama chakula kiko tayari. Shiko alivuta kigoda kingine akakaa, magoti yake karibu yaguse ya mama.

"Mama, nikuambie yale mazuri, ama nikuambie yote?"

Mwanamke mzee alisukuma kuni ndani kwa mguu. Alichukua vikombe viwili, akamimina chai, akampa Shiko kimoja, na mimi akanionyesha mlango niufunge.

"Yote," akasema.

Niliufunga, nikabaki ndani. Shiko alishika kikombe kwa mikono miwili na akaanza na ile sufuria ya githeri.